Kuunganisha kompyuta nyumbani bila kuua vipuri kwa umeme tuli

Maswali ni yale yale. Lazima ninunue mkanda wa mkononi wa kuzuia tuli? Nimegusa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwa kidole, imekufa? Nikae pekupeku au nivae viatu? Waya wa umeme uwe umechomekwa ukutani au umechomolewa? Na majibu yanagongana: mmoja anasema ameunganisha mashine kadhaa akiwa amekaa juu ya zulia na hakuna kilichoharibika, mwingine anakutisha mpaka unaogopa kufungua boksi. Huyo wa zulia alikuwa na bahati, na huyo wa vitisho anakuchosha bure. Kazi yenyewe ina mpangilio mfupi, na ukiufuata utamaliza mchana mmoja.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani unayoijenga mwenyewe kwa vipuri: kasha, pawa saplai (kigawa umeme), madabodi (ubao unaounganisha vipuri vyote, hapa tutaiita bodi), prosesa (ubongo wa mashine), RAM, SSD (hifadhi ya mafaili) na kadi ya picha. Unafaa pia ukiongeza RAM tu au ukibadilisha SSD ya mashine ya zamani.

Nadharia kidogo, kisha basi

Vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja huondoka na chaji ya mwenzake: soli na zulia, sweta na kiti, tepe na boksi. Chaji hiyo ndiyo umeme tuli. Ikikaa tu mwilini haina madhara kwa kipuri. Madhara huja inaporuka ghafla kutoka kwako kwenda kwenye kitu ambacho chaji yake si sawa na yako. Kwa hiyo unachotafuta si "kumwaga umeme ardhini", ingawa ndivyo wengi wanavyoeleza. Unatafuta wewe, kasha na kipuri muwe sawa kabla hamjagusana. Mkiwa sawa, hakuna cha kuruka, hata kama nyumba haina ethi (waya wa kuunganisha umeme wa nyumba na ardhi).

Ngozi ya mtu huanza kuhisi mruko huo ukifika kama volti 3,000. Zipo chipu zinazoumia kwa chini ya volti 100. Kwa hiyo "sikusikia chochote" haina maana yoyote. Na kipuri kilichopigwa si lazima kife palepale: kinaweza kujeruhiwa, kikawaka vizuri siku ya kwanza, halafu kikaanza kuleta matatizo wiki kadhaa baadaye.

Watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam husema kwao hewa ina unyevu, basi hawahusiki. Wanahusika, ila kwa kiasi. Takwimu zilizozoeleka viwandani ni hizi: kutembea juu ya zulia katika hewa kavu (unyevu wa asilimia 10 hadi 20) huweza kukujaza volti 35,000, katika hewa ya unyevu wa asilimia 65 hadi 90, volti 1,500. Kuinua mfuko wa plastiki mezani: 20,000 dhidi ya 1,200. Hizo 1,500 hutazisikia, lakini chipu itazisikia. Wa Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, wa Nairobi mwezi Januari na Februari, wa Maskati au Dubai ndani ya chumba cha kiyoyozi, na wa Ulaya au Kanada majira ya baridi nyumba inapopashwa joto, wote wachukulie wako kwenye hewa kavu.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota namba 2. Yenye ncha ya sumaku haina ubaya kwa vipuri vya leo, na itakuokoa skrubu ikidondoka ndani.
- Mkanda wa mkononi wenye waya na kibanio cha meno mwishoni. Ile mikanda "isiyo na waya" haifanyi kazi, usiinunue.
- Maltimita (kipimo cha umeme). Ile ya njano ya bei nafuu inatosha.
- Meza ya mbao, au kipande kikubwa cha boksi la karatasi cha kutandika juu ya meza ya aina nyingine.
- Boksi la bodi yenyewe. Ndilo litakuwa kitanda chake.
- Mifuko yote ya vipuri, hasa ile ya rangi ya fedha. Hakuna kutupa mpaka mashine imekaa miezi bila tatizo.
- Visosi viwili vya skrubu, na taa nzuri.

Glovu za mpira hazihitajiki, zinajaza chaji kuliko mkono mtupu. Zulia maalumu la mezani la kuzuia tuli ni zuri kwa fundi anayefungua mashine kila siku. Kwa kompyuta moja, weka hiyo pesa kwenye pawa saplai bora.

Hatua kwa hatua

1. Tayarisha chumba. Fanyia kazi juu ya sakafu ya saruji au vigae. Kunja zulia, pamoja na mkeka ikiwa ni wa plastiki. Wa ukindu hauna shida kubwa. Ondoa kitambaa cha nailoni cha mezani. Kama hewa ni kavu, piga deki na uache sakafu ikauke kabisa kabla ya kuanza. Unyevu utabaki hewani kwa muda. Usichemshe birika karibu na vipuri eti uongeze mvuke, maji yataganda juu ya bodi yakiwa matone. Kiyoyozi kizime ukiweza kuvumilia.

2. Jitayarishe mwenyewe. Vaa pamba. Vua sweta la manyoya ya polista na koti la michezo kabla ya kuingia chumbani, usivulie mezani, maana tendo la kuvua ndilo linalojaza chaji nyingi kuliko kuvaa. Mtandio wa polista ufungwe nyuma usining'inie juu ya bodi. Vua pete, saa na bangili, si kwa sababu ya tuli, bali chuma hicho kikigusa bodi yenye umeme kinapiga shoti. Ndala za mpira hukutenga na sakafu. Ukizivua na kukanyaga vigae, chaji huondoka mwilini polepole yenyewe. Ila pekupeku ni kwa mashine *iliyochomolewa* tu. Mguu mtupu juu ya sakafu ni njia ya tuli kutoka, na ni njia ile ile ya umeme wa ukutani kukupitia.

3. Fungua mafurushi yote kwanza, vipuri vibaki ndani ya mifuko yao. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kuvuta tepe, kuchomoa fomu nyeupe (sponji ngumu ya kukinga) kwenye boksi, kubandua ile plastiki nyembamba kwenye kioo cha kasha: vyote huzalisha maelfu ya volti. Ukibandua plastiki ya kioo huku bodi imeshafungwa ndani, umefanya kazi yote ya awali kuwa bure. Bandua sasa. Kisha toa fomu, plastiki zenye viputo, tepe na mifuko, vipeleke chumba kingine. Kitakachobaki cha plastiki kikae angalau sentimita 30 mbali na vipuri vilivyo wazi.

Mifuko ya nailoni ya dukani ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, na wengine hudhani ile mifuko mbadala ya kitambaa iliyoingia badala yake ni salama. Mingi ni polipropilini, plastiki inayoshika chaji vizuri sana. Usibebee RAM tupu humo. Ukinunua kipuri kilichotumika na muuzaji akakupa mkononi bila mfuko wake, nenda na mfuko wa rangi ya fedha kutoka nyumbani.

Kuhusu rangi za mifuko: ya fedha ina tabaka la metali na hukinga kilichomo, mradi mdomo umekunjwa na haijatoboka. Ya pinki haizalishi chaji yenyewe, lakini haizuii mruko kutoka nje. Mfuko wa pinki ni wa kuhifadhia skrubu na nyaya. Usiuamini kwa bodi.

4. Pima mkanda. Weka maltimita kwenye kipimo cha omu, 2000k. Ncha moja iguse kibati cha ndani kinachokaa kwenye ngozi, nyingine iguse kibanio. Usome karibu na 1000, yaani megaomu 1. Ndani ya mkanda kuna rezista (kipuri cha kupunguza mkondo) ya kiasi hicho, kwa faida yako wewe: ukigusa volti 230 kwa bahati mbaya, mkondo utakaopita kwenye mkanda hautazidi milliampia 0.23. Ikisoma sifuri, rezista haimo na mkanda ni wa kutupa. Ikionyesha tarakimu 1 peke yake upande wa kushoto, waya umekatika ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, usijitengenezee mkanda kwa kuzungusha waya wa shaba mkononi.

5. Funga pawa saplai kwenye kasha, kisha amua kuhusu waya wa ukutani. Pawa saplai iingie kwanza, kabla ya kingine chochote, skrubu zake nne zikazwe. Skrubu hizo ndizo zinazounganisha chuma chake na chuma cha kasha.

Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo. Ushauri wa kuacha waya umechomekwa, swichi ya ukutani na ya pawa saplai zikiwa zimezimwa, una mantiki: kwenye soketi zetu za pini tatu, swichi hukata waya wa moto tu, ethi inabaki imeungana, kwa hiyo kasha linabaki limeshikwa na ardhi. Lakini mantiki hiyo inadai nyumba iwe na ethi ya kweli. Nyumba nyingi soketi zina tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake. Ekstensheni nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili tu ndani. Na ile desturi ya kufungulia tundu la juu kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili, hiyo haina ethi kabisa.

Kwa hiyo, kwa mara yako ya kwanza: chomoa. Waya utoke nyuma ya pawa saplai, ukae juu ya kitanda. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10, hasa kama mashine ilikuwa inatumika, ili kilichobaki kwenye kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) za bodi kiishe. Kitaa kidogo cha bodi kikizimika, endelea. Hutapoteza kinga yoyote ya maana. Wewe na kasha mkiunganishwa na mkanda mnakuwa sawa, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Kuna jambo moja usilifanye hata kwa udadisi: kufungua pawa saplai yenyewe. Ndani kuna kapasita inayoshika volti zaidi ya 300, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomolewa. Mkanda wa mkononi hauvaliwi karibu na kitu hicho.

6. Jifunge kwenye kasha. Vaa mkanda kwenye mkono usiotumia bisibisi, kibati kikae kwenye ngozi, si juu ya shati, na kibane kiasi cha kutoacha nafasi. Kibanio kishike chuma kitupu. Rangi ya kasha ni kizuizi. Kibanio kilichouma rangi hakijaunganishwa na kitu. Mahali pazuri ni kichwa cha skrubu ya pawa saplai au ukingo wa ndani usiopakwa rangi. Huna hakika? Weka maltimita kwenye mlio, ncha moja kwenye skrubu ya pawa saplai, nyingine mahali unapotaka kubana. Ikilia, bana hapo.

Usibane kwenye bomba la maji (mengi siku hizi ni ya plastiki), wala nondo za dirisha, wala waya uliochomekwa kwenye tundu la ethi kwa ujanja. Nondo za dirisha kwenye nyumba yenye waya mbovu zinaweza kuwa na umeme.

*Huna mkanda?* Kazi inawezekana, ila nidhamu iwe kubwa zaidi. Gusa chuma kitupu cha kasha kwa sekunde mbili kabla ya kushika kila kipuri, na mkono wa pili uegemee kasha muda wote. Kila ukiinuka kitini, hata kama ni kuchukua simu tu, umeanza upya: gusa tena. Kuinuka kwenye kiti cha sponji kunatosha kukujaza.

7. Toa bodi. Shika mfuko ukiwa bado umefungwa, uguse chuma cha kasha kwa mfuko huo kwa sekunde chache, ndipo ufungue. Kanuni hiyo ni ya kila kipuri: mfuko kwanza, kipuri baadaye. Ishike bodi kwenye kingo au kwenye vyuma vya matundu ya nyuma, uilaze juu ya boksi lake la karatasi.

Si juu ya mfuko wake. Picha nyingi zinaonyesha bodi ikiwa juu ya mfuko wa fedha, lakini mfuko huo kazi yake inafanyika ndani. Ukiwasha bodi ikiwa juu yake kwa majaribio, tabaka la metali linaweza kuunganisha pini za chini.

8. Prosesa. Shika kingo tu. Pembetatu ndogo kwenye kona ya prosesa ilingane na ile ya kwenye soketi, kisha iache ishuke kwa uzito wake; ukisukuma umekosea. Kwenye soketi za Intel za sasa na AM5 (soketi mpya ya AMD) pini ziko kwenye bodi, kwenye AM4 (ya AMD iliyotangulia) ziko chini ya prosesa yenyewe. Vyovyote iwavyo, pini zilizopinda huua bodi nyingi zaidi kuliko tuli, kwa hiyo usiinamie hapo na mtandio au bisibisi.

9. RAM na SSD. Zishike kama unavyoshika picha isiyokauka: kwa kingo. Usiguse meno ya dhahabu. Kijiti kimoja cha RAM kikae sloti ya pili kutoka kwenye prosesa. Viwili, ya pili na ya nne. Sukuma mpaka vishikizo vilie "tak". SSD ndogo ya bapa iingie kwa mwinamo, ilazwe, skrubu yake ikazwe kwa vidole viwili tu. Kama uligusa meno kwa bahati mbaya, huna haja ya kuhuzunika: uko kwenye mkanda. Futa jasho kwa kitambaa kikavu cha pamba. Hii pia ni sababu ya kutopaka losheni kabla ya kazi. Ni kweli hupunguza chaji kwenye ngozi kavu, lakini mafuta yake yanahamia kwenye meno.

10. Kipoza joto na feni yake. Fuata karatasi yake. Kwa upande wa tuli hakuna jipya hapa.

11. Bodi iingie kasha. Hesabu vinguzo vya shaba vinavyoibeba bodi kwenye sahani ya kasha kabla ya kuilaza. Kila kinguzo kiwe na tundu la bodi juu yake, na kisiwepo kinguzo bila tundu. Kinguzo cha ziada hugusa mgongo wa bodi na kupiga shoti, na mwenye mashine huishia kulaumu tuli. Bodi ya ATX (ukubwa wa kawaida) kwa kawaida ina matundu tisa, ndogo zina machache zaidi.

12. Kadi ya picha na nyaya. Kadi ishikwe kwenye bati lake la nyuma, na bati hilo liguse kasha kabla meno hayajaingia kwenye sloti. Nyaya za pawa saplai: ule mkubwa wa pini 24, wa prosesa wa pini 8 juu kushoto, na wa kadi. Nyaya ndefu za plastiki usiziburute juu ya bodi.

Kama mnafanya kazi wawili, msipeane kipuri hewani. Peaneni mkono kwanza, kisha mkiwa bado mmegusana mpokezane. Salamu hiyo inasawazisha.

13. Vua mkanda, ndipo uchomeke. Si kinyume chake. Hakikisha hakuna skrubu iliyobaki ndani kwa kuhesabu visosi, funga ubavu wa kasha, chomeka, washa.

Makosa yanayojirudia

Kuondoa vumbi kwa mashine ya kufyonza vumbi: mdomo wake wa plastiki hujaa chaji kwa upepo unaopita. Tumia brashi ya manyoya halisi ya kupakia rangi, kavu na safi, au kipuliza hewa, huku umeshikilia mabawa ya feni yasizunguke. Brashi ya nailoni iache.

Kugusa chuma cha kasha mara moja asubuhi na kujiona umemaliza. Mguso unasawazisha sasa hivi tu.

Kujitoa chaji kwenye tundu la USB la mbele. Tundu hilo limeungana na bodi. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kugusia kwanza. Tabia ya kuchomeka flashi majira makavu iwe hii: kidole kwenye chuma cha kasha, kisha flashi.

Kurudisha kipuri dukani kikiwa kimezungushiwa gazeti na tepe. Hata kama kilikuwa kibovu kwa kosa lao, sasa hakuna atakayejua.

Ikigoma

Kabla ya kusema "ni tuli", jua kwamba mashine mpya isiyowaka mara nyingi ina kosa la kuunganisha. Tuli iwe mshukiwa wa mwisho.

*Haionyeshi dalili yoyote.* Swichi ya nyuma ya pawa saplai iko upande wa I? Waya wa pini 24 umeingia mpaka kishikizo kikalia? Nyaya ndogo za kitufe cha mbele ziko kwenye pini sahihi? Jaribu kugusanisha pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, kitufe ndicho kilichounganishwa vibaya. Isipowaka, chomoa, toa bodi, ijaribu juu ya boksi lake nje ya kasha ikiwa na prosesa, kipoza joto na RAM kijiti kimoja. Ikiwaka nje na kukataa ndani, rudi kwenye vinguzo.

*Feni zinazunguka, kioo (skrini) ni cheusi.* Waya wa prosesa wa pini 8 umesahaulika. Hilo ndilo jibu mara nyingi. Kisha RAM: itoe, irudishe kwa nguvu kidogo zaidi. Kisha waya wa kioo: uchomekwe kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, na kama Ryzen 5 5600, hazina picha zake zenyewe. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi milele.

*Inawaka, kisha inajizima au inaleta kioo cha buluu bila mpangilio.* Hapa tuli inaweza kuwa imehusika, hasa kwenye RAM. Pima kwa MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku kucha, kijiti kimoja kwa wakati, kwenye sloti ile ile. Makosa yakifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Yakibaki kwenye sloti hata ukibadilisha vijiti, angalia sloti na prosesa.

*Tundu moja la USB au la mtandao limekufa, mengine mazima.* Dalili halisi ya mruko ulioingia kupitia tundu. Lakini uliza pia kama kulikuwa na radi, au umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, maana hizo huharibu matundu ya mtandao mara nyingi kuliko kidole chako.

*Kasha linakutekenya ukiligusa, mtekenyo usioisha.* Hiyo si tuli. Tuli hupiga mara moja, ikaisha. Mtekenyo wa kudumu ni kichujio cha ndani ya pawa saplai kinachopitisha umeme kidogo kwenda kwenye chuma kwa sababu ethi haipo. Maltimita inaweza kukuonyesha karibu nusu ya volti za ukutani kati ya kasha na ardhi. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuharibu tundu unapochomeka waya wa kioo au spika zilizo kwenye soketi nyingine. Badilisha ekstensheni kwanza, achana na plagi ya pini mbili, na ikiendelea mwite fundi umeme apime soketi na ethi ya nyumba.

*Kioo kinazima sekunde moja ukiinuka kitini.* Kiti cha ofisi chenye bomba la gesi kinaweza kufanya hivyo: kikiachia uzito wako hutoa mruko ambao waya wa kioo huudaka hewani. Sogeza waya mbali na kiti, au tafuta waya mfupi wenye kinga nzuri zaidi. Mashine yenyewe haina ugonjwa.